Mwaka ambao karata zilimkataa Aila Rintala

Saa tatu asubuhi, watoto wameshapanda basi la shule na Aila Rintala ameshaketi katika chumba cha chini cha nyumba yake mjini Thunder Bay, Ontario, mbele ya skrini mbili. Amevaa soksi nene, kahawa iko kando yake. Anacheza poka kwenye meza nne kwa pamoja, na katika mojawapo amegawiwa ree mbili, karata bora kuliko zote za kuanzia.

Anaweka dau. Mchezaji mmoja wa Ottawa, ambaye Aila anamfahamu kwa jina la mtandaoni tu, anasukuma fedha zake zote katikati. Aila anamfuata kwa dau hilo hilo. Karata zinafunuliwa: yule bwana ana tano mbili. Kwa hesabu ya mchezo, Aila hushinda hapo mara nne katika kila tano. Karata ya mwisho inaanguka. Ni tano, ya tatu kwa yule bwana, na Aila ameshindwa.

Aila anafunga meza zote, anapanda ngazi, anavaa koti na kuchukua koleo. Theluji ya mlangoni kwake alishaiondoa alfajiri, kwa hiyo anaanza kuondoa ya jirani.

"Zamani ningebaki nimtafute yule bwana meza hadi meza," anasema akirudi ndani, mashavu yamekuwa mekundu kwa baridi. "Sasa natoka kwanza. Nikirudi na bado nina hamu ya kumlipiza, sichezi."

Aila, mwenye umri wa miaka 41, alikuwa akipokea simu za wateja wa kampuni ya bima. Kituo kilipofungwa, mchezo aliokuwa akiucheza mwisho wa wiki ndio ukawa kazi yake. Kwa miaka sita ulimlisha. Mwaka wa kawaida ulimpatia kiasi cha dola elfu hamsini, karibu sawa na mshahara wa mumewe, Lorne, ambaye ni dereva wa basi la mji.

Majira ya kuchipua ya mwaka jana, upepo ukageuka. Alipoteza wiki nzima, kisha mwezi, kisha mwezi mwingine. Mwanzoni hakushtuka. Wanaoishi kwa mchezo huu wanajua kwamba hata mchezaji hodari anaweza kupoteza kwa miezi bila kukosea, na ndiyo maana huweka mtaji wa mchezo mbali na fedha za nyumbani.

Lakini theluji ya kwanza ilipoanguka, nusu ya mtaji huo ilikuwa imekwisha, na kila jioni Lorne alipouliza siku ilikwendaje, alijibiwa neno lile lile: "Kawaida."

"Nilijua kuna jambo kwa sababu aliacha kula," anasema Lorne. "Halafu nikamkuta nje anaipiga theluji kwa koleo. Haiondoi, anaipiga. Nikamwambia, bibie, hiyo theluji imekukosea nini? Akasema, 'Nimepoteza nusu.' Nikamuuliza nusu ya nini. Akasema, 'Ya yote.'"

Walikaa kwenye ngazi za mlangoni hadi miguu ikafa ganzi. Lorne hakufoka. Alimuuliza kitu kimoja tu: alijuaje kwamba ni bahati mbaya, na si yeye mwenyewe aliyeharibika?

Swali hilo lilimuuma Aila kuliko fedha.

Akampigia Marcel Thibodeau wa Sudbury, mchezaji wa zamani ambaye sasa anafundisha wenzake; walikuwa wamefahamiana kwa simu miaka mingi bila kuonana. Kompyuta huhifadhi kila mchezo, kwa hiyo Aila alimtumia michezo ya msimu mzima. Alitarajia pole.

"Dada, bahati yako mbaya kweli," Marcel alimwambia baada ya kuipitia. "Lakini hiyo ni nusu ya habari."

"Na nusu nyingine?"

"Ni wewe. Unacheza kama mtu aliyeibiwa. Mtu akikuchokoza kidogo tu, unalipa ili uone karata zake."

Aila alimkatia simu. Hakumpigia tena kwa wiki nzima. Mwishowe alikaa peke yake na kuifungua ile michezo, akakutana na mmoja wa kiangazi. Hakuwa na karata yoyote ya maana, alijua wazi ameshindwa, na bado alilipa, kwa sababu mtu yule alikuwa amemfunga siku iliyotangulia.

"Nililia," anasema. "Halafu nikapata nafuu. Bahati siwezi kuitengeneza. Huo upuuzi naweza."

Aliacha kucheza kwa mwezi na kuchukua kibarua katika duka la mikate, akikaanga maandazi ya mdalasini tangu alfajiri. Alipoanza tena, hakurudi kwenye meza zake. Alishuka hadi zile ndogo, ambako hata ushindi mkubwa hautoshi kununua chakula cha mchana cha watu wawili. Vijana waliomtambua hawakumwacha salama.

"Karibu tena chekechea, bibi," mmoja alimwandikia mezani.

"Asante, mwanangu. Mmenitunzia kiti?" Aila akajibu.

Leo bado hajarudisha alichopoteza, na mwezi uliopita alipoteza tena. Tofauti ni kwamba sasa Lorne huambiwa siku hiyo hiyo, wakati wa chakula, kama anavyoambiwa habari za shule. Kila Ijumaa Marcel hupitia michezo yake. Wiki iliyopita alipata makosa machache sana, akalalamika kwamba Aila ameanza kumkosesha kazi.

Duka la mikate hajaliacha. Huenda huko asubuhi tatu kwa wiki, ili bili ya umeme isisubiri karata.

Yeye na mumewe wamekubaliana jambo moja: fedha za nyumbani haziguswi kamwe, na mtaji ukiisha, poka imeisha. Kama bado upo majani yatakapoanza kupukutika, na Marcel akiridhika na uchezaji wake, atapanda meza moja juu. Mwenye duka naye ameshamwambia kwamba kazi ya siku nzima ipo akiitaka.

"Natamani kurudi kule nilikokuwa, sitadanganya," anasema Aila, akipangusa theluji iliyoyeyukia sakafuni. "Lakini kama ni kuacha, basi niache kwa kuamua. Hasira isinifukuze mezani, wala isinibakize."