Magadi ya Tuo Heqing

Jina lake lilianza kama jibu la kejeli. Sisi watu wa Lanzhou, mtu akitamani kisichowezekana, tunamwambia asubiri mto utakate. Mto wetu ni wa njano, umebeba udongo wa milima tangu dunia iumbwe. Basi mzee Tuo Zhanbiao, mpishi wa tambi za kuvutwa kwa mkono karibu na daraja la chuma, alipopata binti baada ya miaka tisa ya ndoa kavu, aliwakumbuka wote waliomwambia maneno hayo. Akamwita mtoto Heqing. Maana yake: mto umetakata.

"Kila mkimwita," aliwaambia majirani, "mnameza maneno yenu wenyewe."

Mimi naitwa Ha Guizhen. Nilitunza stoo ya kemia ya chuo chetu miaka thelathini na mmoja. Kwa hiyo katika haya nitakayosimulia yapo niliyoyaona kwa macho, na yapo, Mungu anisamehe, niliyoyasababisha kwa mkono wangu.

Hadithi ya utoto wake tuliisikia kwa baba yake, aliyekuwa akiisimulia kwa yeyote aliyekaa vya kutosha kumaliza bakuli. Heqing alikuwa na miaka saba. Alisimama mbele ya meza akitazama donge la unga likikatika kila likivutwa. Baba akalinyunyizia maji ya magadi, akalikanda, akalivuta tena, nalo likarefuka kama uzi wa hariri.

"Kwa nini sasa halikatiki?"

"Kwa sababu ya magadi."

"Magadi yana nini ndani?"

"Yana magadi."

"Na kabla hayajawa magadi?"

"Yalikuwa kichaka cha nyikani. Kinachomwa shimoni mwezi wa kumi, jivu linayeyuka, linaganda jiwe. Toka hapo, utaungua."

"Kichaka kinajuaje kuvuta unga?"

Mteja mmoja akacheka. "Mzee Tuo, mpe mtoto tambi, ana njaa huyu."

"Ningejua njaa yake inashibishwa na nini," mzee akajibu, "ningekwisha kumpakulia."

Njaa ile ilimpeleka Shanghai kusoma kemia, binti wa kwanza wa mtaa wetu kupanda treni bila kwenda kuolewa. Ikamrudisha Lanzhou kufundisha. Kisha ikaja miaka ambayo vitabu vilifungwa na walimu wakapelekwa mashambani, naye akachungishwa kondoo milimani miaka saba. Wengine walirudi kutoka huko na kimya. Heqing alirudi na gunia. Ndani yake mlikuwa na karatasi za mifuko ya saruji, zimeandikwa mbele na nyuma, kwa sababu kondoo wake walikuwa wakivimba shingo na kufa, naye alikuwa akiwapasua kwa kisu cha kukatia nyama na kuchora minyoo aliyoikuta kwenye maini.

"Nilikuwa na wanafunzi mia mbili kule," alituambia siku ya kwanza aliporudi maabara. "Wote na sufu. Hakuna aliyechelewa darasani."

Akaanza kutafuta dawa ya wale minyoo. Miaka mitatu alipika, akachuja, akatupa, akapika tena. Mwaka 1981 akaipata. Unga mweupe, mwepesi kama theluji ya kwanza. Ukimpa kondoo aliyevimba, baada ya wiki mbili anarudi kugombana na wenzake.

Mwezi wa kumi wa mwaka uleule ikaja barua. Jopo la maprofesa wanne lingekuja kutoka Beijing kuamua kama idara yetu inafaa kufundisha shahada ya juu. Tukikubaliwa, tungepata wanafunzi, vifaa, na dawa ingeendelezwa hadi imfikie mchungaji. Tukikataliwa, idara ingebaki ya kufundisha misingi tu, na utafiti wote ungehamishiwa mji mwingine. Sharti lao lilikuwa moja: dawa itengenezwe mbele ya macho yao, siku ileile watakayofika.

"Hawatuamini," nilimwambia.

"Hata mimi nisingeamini," akasema. "Ndiyo maana nataka waone."

Kwenye stoo yangu tulikuwa na chupa moja ya kabonati ya potasiamu, nayo ilibaki robo. Hiyo ndiyo iliyounganisha sehemu mbili za ile dawa; bila hiyo zinakaa chunguni zikitazamana kama wachumba wenye haya. Ile ya sodiamu tulikuwa nayo tele, lakini kwa dawa hii ilikuwa mvivu, hata siku mbili haikamilishi kazi. Na behewa lenye mzigo wetu mpya lilikuwa limekwama nyuma ya maporomoko ya ardhi.

Sasa sikilizeni kosa langu. Heqing hakupenda wanafunzi waogope majina marefu. Aliwaambia, "Hii si mgeni. Hii ndiyo magadi ya bibi zenu, imeoga tu." Na ili wasisahau, alibandika karatasi kwenye chupa ile kwa mwandiko wake: MAGADI YA BIBI.

Siku ya jopo, alfajiri, alinijia mzee Lan, mpishi wa bwalo, mikono imejaa unga hadi viwiko.

"Dada Gui, niokoe. Magadi yameniishia, na wageni wa Beijing wanakula saa moja."

Hakuna mtu wa Lanzhou anayeweza kusikia maneno hayo akasimama kufikiri. Mgeni kupewa tambi zinazokatika ni aibu ya mji mzima. Mkono wangu ulikwenda rafuni wenyewe, ukasoma MAGADI, ukatoa chupa.

"Mbona nyeupe hivi?" mzee Lan akauliza.

"Imeoga," nikasema. Wallahi ndivyo nilivyosema.

Saa mbili Heqing aliingia stoo akiimba chinichini, koti lake jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama.

"Gui, lete kabonati."

"Ipi, Mwalimu?"

"Ile yenye karatasi. Magadi ya bibi."

Nilitazama rafu. Pale chupa ilipokuwa palibaki duara safi katikati ya vumbi.

"Iko wapi?"

"Iko... kwa wageni."

"Wameichukua kuipima?"

"Wameichukua kuila."

Alinitazama. Nami nikamweleza yote kwa pumzi moja, mzee Lan, unga, alfajiri, huku machozi yananidondoka kwenye daftari la stoo. Alikaa juu ya kreti. Mimi nikaanza kuhesabu miaka yake: miaka saba ya kondoo, mitatu ya dawa, yote imeteremka na mchuzi.

"Walizisifu?" akauliza.

"Profesa Fei, yule mkuu wao, ameomba bakuli la pili."

Akaangua kicheko. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akasimama ghafla na kicheko kikakatika.

"Baiskeli yako ina upepo?"

Mimi nilikaa nyuma, yeye akakanyaga. Profesa wa miaka arobaini na sita, koti jeupe linapepea kama shuka kwenye kamba, akipiga kengele na kupaza sauti, "Pisheni! Pisheni, shangazi! Samahani, mjomba!" Wauza matikiti waliruka pembeni. Mmoja akafoka, "Nani anakufa?" Heqing akamjibu bila kugeuka, "Bado hakuna!"

Mzee Tuo alikuwa mezani pake, ana miaka sabini na minane, anavuta tambi kama anayecheza.

"Baba, nipe jiwe la magadi. Lile zuri kuliko yote."

Mikono yake haikusimama. "Kemia imeishiwa?"

"Imeliwa."

"Na nani?"

"Na watu wa Beijing."

Hapo mikono ikasimama. Akanitazama mimi, akamtazama binti yake, akaelewa nusu, na nusu ile ikamtosha. Akatoa chini ya meza kitu kilichofungwa kwenye kitambaa: jiwe la rangi ya kijani iliyofifia, lenye matundu kama mkate, linanuka yai viza.

"Hili lina miaka minne. Nililiweka kwa ajili ya sikukuu. Ulipokuwa mdogo uliniuliza lina nini ndani."

"Nakumbuka."

"Sijawahi kujua. Nenda ukaangalie."

Saa tatu na robo tulikuwa maabara; jopo lingeingia saa nane. Alilivunja jiwe kwa nyundo, akalitia tanurini likaungua hadi likawa jekundu. Harufu ikatuchoma macho.

"Adui ni kiberiti, ile salfa," alisema. "Kinachonuka ndicho kitakachoua dawa. Tukichome kiishe, kisha tuyeyushe kwa maji machache ya baridi. Kabonati yetu ni mlafi, inayeyuka hata kwenye tone. Wenzake wana maringo, watabaki chini. Vua bangili."

"Nini?"

"Bangili yako ni fedha. Fedha haisemi uongo: ikigusa kiberiti huwa nyeusi."

Ilikuwa bangili ya arusi yangu. Alidondosha tone la kwanza juu yake. Likaacha doa jeusi kama jicho. Akarudisha yote tanurini. Saa tano, tone la pili: doa la kahawia. Nikaisugua bangili kwa koti langu, yeye akachuja tena, akachoma tena, jasho linamtiririka hadi kidevuni.

"Kama mara tatu haitoshi?" nikauliza.

"Basi nne. Sugua."

Saa saba kasorobo, tone la tatu. Tuliinama vichwa vikagongana. Tone lilikaa juu ya fedha, duara, safi, limebeba dirisha zima ndani yake. Tukalifuta. Chini yake fedha iling'aa kama siku niliyovishwa.

Nilipiga kelele. Sijui niliyosema. Nilisikia wanafunzi wakikimbia ukumbini kuuliza kuna nini. Maji yale tukayakausha motoni, yakaacha unga mweupe.

Saa nane kamili jopo liliingia, wamepumzika, wamenawa nyuso. Profesa Fei alikuwa mwembamba, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Nimesikia," alisema, "huku magharibi mnapika zaidi kuliko mnavyopima."

"Leo utaona vyote viwili, Mzee wangu," Heqing akamjibu.

Akaunganisha vyombo. Akatia sehemu ya kwanza, akatia ya pili, kisha ule unga mweupe uliotoka chini ya meza ya baba yake. Akawasha moto. Kwa muda wa saa tatu chungu cha kioo kilichemka polepole, mvuke ukipanda na kushuka kama mtu anayefikiri. Hakuna aliyeondoka. Saa kumi na moja akachuja, akapunguza maji, akakiweka kioo kwenye barafu. Fuwele zilitakiwa kuanguka.

Hazikuanguka.

Dakika tano. Dakika kumi. Maji yalikaa wazi na matupu, yanatutazama. Profesa Fei akafunga kalamu yake. Nilisikia mlio wa kifuniko.

Heqing akachukua fimbo ya kioo. Akainama, akaikwaruza mara moja ndani ya ukuta wa chombo, taratibu, kama anavyokwaruza mtu mlango wa nyumba anayojua wenyewe wamo ndani.

Likatokea doa moja. Kisha kumi. Kisha chombo kizima kikageuka theluji, juu hadi chini, kwa muda wa kuvuta pumzi, na wanafunzi wakapiga makofi bila ruhusa ya mtu.

Profesa Fei alizikausha kwa mkono wake mwenyewe, akazipima joto la kuyeyukia, akarudia, akarudia tena. Namba ilikuwa ileile ya ripoti yetu, haikupungua wala kuzidi.

"Safi," alisema, na ilikuwa kama anajisemea. Kisha akageuka. "Kabonati hii mmeitoa wapi? Nimeambiwa mzigo wenu umekwama."

Nilimtazama Heqing. Angeweza kutaja chupa yoyote.

"Hii imetoka kwenye duka la tambi la baba yangu. Ni magadi ya kichaka, tumeyasafisha leo asubuhi."

"Na ile ya maabara?"

"Ile ya maabara, Mzee wangu, mmeila."

Nikajitokeza kutoka nyuma ya kabati nikiwa nimeshika bangili. "Kosa ni langu, si lake. Mimi ndiye niliyempa mpishi."

Profesa Fei akavua miwani. Akaanza kutikisika mabega, na kwa muda nikadhani ni hasira. "Nilisema!" akalia, machozi ya kicheko yanamtoka. "Niliwaambia wenzangu, tambi hizi zina kitu! Bakuli mbili! Nimekula utafiti wa watu bakuli mbili!"

Barua ya kukubaliwa ilifika mwezi wa kumi na mbili. Mengine yaliyofuata yanajulikana chuoni: dawa ikafika milimani, wanafunzi wake wakawa walimu, naye miaka minane baadaye akafanywa mkuu wa chuo. Amri yake ya kwanza ofisini ilikuwa ya mstari mmoja: chombo kimoja, jina moja. Wapya waliiona ndogo mno kwa mkuu wa chuo. Mimi niliibandika mlangoni mwa stoo kwa gundi ya mwaka mzima.

Lakini ninayoikumbuka ni siku ya barua. Alinishika mkono tukakimbia nayo hadi dukani. Mzee hakuwapo. Tulimkuta darajani, aproni ingali kiunoni, anatazama chini.

"Baba! Wamekubali!"

Hakugeuka. "Njoo uone."

Tukainama kwenye ukingo wa chuma. Baridi ilikuwa imeufunga udongo milimani, na maji yalipita chini yetu ya kijani, yanaonyesha kokoto.

"Umetakata," nikasema, nimeduwaa. Nilizaliwa mji huu na sikuwahi kwenda darajani mwezi huo. Nani hutoka na baridi ile?

"Hutakata kila mwaka wakati huu," mzee alisema. "Wanaosema hautakati wanakaa ndani." Akaichukua barua, akaitazama juu chini, maana kusoma hakujua, akaikunja na kuitia kifuani. "Sasa niambie. Lile jiwe. Lilikuwa na nini ndani?"

Heqing akamshika mkono, wakaanza kurudi dukani, naye akamweleza, tangu kichaka.