Saksafoni ya Karani Crispin

Mwaka 1957 mtu aliyetaka kupiga dansi Iringa, au kupika pombe ya harusi, ilimbidi apite kwanza mezani kwa Crispin. Alikuwa karani wa vibali pale bomani, mfupi, mwenye soksi ndefu. Ukimwamkia haraka, hakukusikia. Ukimwamkia polepole, alikuuliza kwa nini umechelewa.

Mwaka huo Mgiriki mmoja mwenye shamba la tumbaku alifunga virago kurudi kwao, akauza vitu vyake uani. Watu walinunua masufuria na majembe. Crispin alinunua saksafoni.

Kwa miezi mitatu hatukuiona. Tuliliona kasha lake tu. Lilikwenda naye kazini, lilikwenda misa, likakaa kwenye benchi mahali ambapo angekaa mama mwenye mtoto. Nyumbani lililala kitandani, upande wa ukutani.

"Na wewe unalala wapi, shemeji?" tulimuuliza mkewe, Benedicta.

"Pembeni. Nikigeuka naanguka."

Mimi nilikuwa napiga banjo katika bendi ndogo ya mtaa wa Kihesa, chini ya Liberatus, fundi cherehani. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana, tuliacha jukwaa wazi: yeyote mwenye chombo alipanda akajaribu nasi. Walikuja wenye filimbi, wenye kodiani zilizotoboka, siku moja hata mzee na zeze lake. Crispin alikuja kutusikiliza na kutusahihisha. Banjo yangu aliiita bati.

"Siku nitakayofungua kasha hili," alisema, "nyinyi mtarudi kulima."

Siku hiyo ikafika, mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio. Ukumbi ulijaa. Nusu ya watu walikuja kusikiliza. Nusu nyingine maombi yao yalikuwa mezani kwa Crispin.

Akapanda, akafungua kasha. Haki ya Mungu, chombo kilikuwa kizuri, kinang'aa kama sinia la sikukuu. Akajivika mkanda shingoni. "Anzeni rumba. Mimi nitaingia."

Tukaanza. Crispin akavimbisha mashavu, akapuliza.

Fuuu. Kama mtu anayepuliza kuni mbichi.

Tukadhani anapasha moto. Akapuliza tena, mishipa ya shingo imesimama, vidole vinakimbia juu ya vibonyezo kama panya darini. Fuuu. Tukaimaliza rumba nzima hivyo. Kisha, na haya naona aibu kuyasema, ukumbi ukapiga makofi.

"Laini sana!" akasema mzee mmoja aliyekuwa akisubiri kibali cha pombe ya harusi ya binti yake.

"Muziki wa Kizungu hauna makelele," akaongeza jirani yake.

Liberatus akasema kosa ni letu, magitaa yalimfunika Bwana Karani. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Mambo yangeishia hapo, lakini mlangoni alikuwa amesimama Asukile, dereva wa lori kutoka Mbeya. Springi ya lori lake ilikatika njiani, Nyololo, akaja mjini kutafuta nyingine, akakuta maduka yamefungwa. Huyu hakuhitaji kibali chochote Iringa. Na wakati wa vita alipiga klarineti katika bendi ya jeshi.

"Samahani, Bwana Karani," akasema akisogea mbele. "Ulimi uko wapi?"

"Ulimi gani?"

"Ulimi wa chombo."

"Mimi ulimi wangu ninao mdomoni."

"Huo naona unafanya kazi. Nauliza wa saksafoni. Kuna kijiti bapa kinafungwa hapo unapotia mdomo. Hicho ndicho kinacholia. Bila hicho unapuliza bomba."

Crispin akaigeuza saksafoni, akaichungulia kinywani kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. "Hii ni ya namna mpya," akasema. "Haitumii ulimi."

"Basi puliza, bwana, tuisikie."

Akapuliza. Fuuu.

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Benedicta. Alijaribu kukizuia kwa khanga, kikamshinda, akashika ukuta. Baada ya hapo ukumbi mzima ukapasuka, na yule mzee wa kibali alicheka kuliko wote.

Asukile hakucheka. Alitoka nje, akarudi na kipande cha mwanzi alichokivunja uani, akakichonga kwa kisu, akakisugua kwenye saruji ya ngazi mpaka kikawa chembamba kama ukucha. Crispin akakataa katakata: hawezi kutia mdomoni mti wanaougema walevi wa pombe ya ulanzi.

"Basi niazime kidogo," akasema Asukile.

Mbele ya watu wote Crispin angekataaje? Asukile akakifunga kijiti chake, akapuliza. Sauti ya kwanza ilikuwa ya mbuzi aliyekanyagwa. Ya pili ilikuwa afadhali. Ya tatu ikawafanya wanawake waweke vikapu chini. Rumba ile ile tuliirudia mara nne, na sikuwahi kuipiga banjo vile maishani. Crispin alisimama pembeni, kasha tupu mikononi, akiwaambia watu wa karibu kwamba anampa kijana nafasi.

Jumatano tukapata barua. Kibali cha bendi yetu kilisimamishwa kwa miezi miwili, sababu: kelele. Asukile alikwishapata springi yake, akaondoka. Tukamtuma Liberatus bomani kuomba radhi kwa niaba yetu. Akaomba.

Miaka miwili baadaye nilihamia Mbeya kutafuta kazi. Nikasikia kuna bendi nzuri inapokea wapigaji, nikaenda na banjo yangu. Mlangoni kulikuwa na meza, na nyuma ya meza, Crispin. Alikuwa amehamishiwa huko, na watu wa Mbeya waliambiwa kwamba yeye ndiye mpiga saksafoni wa kwanza Iringa. Wakamfanya katibu. Kupiga, alikuwa hapigi tena. Alisema baridi ya Iringa ilimharibia mapafu.

Alinitazama kama hanijui, akanisogezea fomu. Jina. Chombo. Umekipiga miaka mingapi. Nani shahidi.

"Hatuchukui mtu hivi hivi," akasema. "Wanakuja wengi wasiojua."

Ndani walikuwa wanalinganisha nyuzi za gitaa. Nikaketi kwenye ngazi, nikajaza.