Saa Sita Zilizoongezwa Mara Mbili

Mimi ni mtu wa R, na sioni haya kusema. Lugha hiyo ya kompyuta nilijifunza ukubwani, baada ya kuacha chaki, nikiwa na miwani tayari, kwenye mashine ya mtumba iliyokuwa ikipata moto kama pasi. Binti nitakayemsimulia ni mtu wa Python. Nilimfundisha hesabu sekondari hapa Masasi, akaenda chuo, akarudi na lugha inayoanza kuhesabu na sifuri. Nilimwambia lugha ya namna hiyo haina adabu, maana hata mwenye mbuzi mmoja huanza na moja. Alicheka akiwa ameinamisha uso, kama alivyokuwa akicheka darasani. Hakunijibu. Natamani angenijibu.

Sote wawili tulipewa kazi na mradi wa maji wa vijiji vya juu, upande wa Newala, alikozaliwa. Kule juu maji yako bondeni, mbali, na hupandishwa kwa pampu. Pampu inakula umeme, haiwezi kuunguruma kutwa. Inawashwa saa chache tu, maji yanafika kwenye gati la kuchotea, watu wanajaza ndoo, inazimwa. Mradi ulitaka kujua jambo moja: watu wa kijiji cha kwao wangependa gati lifunguliwe saa ngapi? Wadodosaji wakapita nyumba kwa nyumba. Mimi, nikiwa nyumbani Masasi, nilikuwa wa kusafisha takwimu kwa R. Yeye, akiwa Newala, alikuwa wa kuzichambua kwa Python na kuandika sura ya ripoti inayohusu saa.

Mmoja wa waliododoswa alikuwa mama yake mzazi, mjane mwenye mikorosho yake na miguu iliyokuwa bado na nguvu. Alijibu kama walivyojibu wanawake karibu wote: saa kumi na moja alfajiri. Msimu wa kuokota korosho, jua likichomoza mtu anatakiwa awe shambani, na nyumbani hubaki kuku.

Sasa, sisi tunahesabu saa kwa jua. Mdodosaji aliandika 11, na pembeni akaandika alfajiri. Kompyuta haina habari na jua letu. Kwake hiyo ni saa 5. Kwa hiyo nilifanya ninachofanya siku zote: niliongeza sita kwa kila jibu, nikizunguka uso wa saa, na kumi na moja ikawa tano. Neno alfajiri nililiacha kwenye safu yake, liwe shahidi. Nikahifadhi faili, nikamtumia.

Lakini lugha hizi mbili hazipokezani mizigo vizuri. Maneno yanayojirudia, alfajiri, asubuhi, jioni, R huyaweka ndani kwa namba, na kwa jinsi nilivyolihifadhi faili lile, upande wa pili zilifika namba tupu. Moja, mbili, tatu. Neno alfajiri lilibaki Masasi.

Akafungua faili, akaona tano, na pembeni yake moja isiyo na maelezo. Kwa mtu wa huku, tano isiyo na neno ni saa tano asubuhi. Akadhani mwalimu wake amesahau kugeuza saa. Angeweza kupiga simu, lakini angesemaje? Shikamoo mwalimu, umesahau? Kwao hilo halisemwi. Kosa la mkubwa hurekebishwa kimya kimya, na mkubwa mwenyewe asijue kwamba amesitiriwa. Akaongeza sita. Tano ikarudi kuwa kumi na moja.

Nami sikuikagua sura yake. Niliogopa kuonekana bado namsahihishia daftari mtu mzima mwenye shahada. Heshima ilikwenda pande zote mbili, na ilikuwa ya kweli kabisa, ndiyo maana inaniuma. Aliyekagua ni msimamizi wa mradi. Alichukua fomu chache za wadodosaji, akaona kumi na moja. Akatazama ripoti, akaona kumi na moja. Akatupongeza kwa umakini. Ukizunguka saa sita mara mbili unarudi palepale ulipoanzia. Ila namba ya kwenye ripoti ilikuwa ya saa za kizungu, na fundi pampu aliitegesha mashine yake kwa saa za kizungu.

Gati likawa linafunguliwa saa tano asubuhi, jua likiwa kali na kijiji kizima kikiwa kwenye mikorosho.

Hakuna aliyelalamika. Wanawake walisema bila shaka wataalamu wameona jambo ambalo wao hawalioni, wakachukua ndoo zao wakarudi kuteremka bondeni kama zamani. Mama yake naye aliteremka, na nasikia aliwaambia wenzake wawe na subira, kwa kuwa binti yake ni mmoja wa wataalamu hao na hafanyi jambo bila sababu. Asubuhi moja, akiwa anapanda na ndoo kichwani, changarawe ilimtoka chini ya mguu. Alivunjika nyonga.

Binti alikwenda kumuuguza. Katika kukaa kule akaona gati likifunguliwa jua limepanda, maji yanatoka, na anayeyanywa ni mbuzi. Alimuuliza fundi pampu nani amepanga saa hiyo. Fundi alimjibu kwa upole kwamba ni wao, takwimu zao ndizo zilizosema hivyo.

Alinipigia simu. Aliniamkia kwanza, nikaitikia.

"Mwalimu," akasema, "zile saa ulikuwa umeshazigeuza?"

"Nilizigeuza."

"Na mimi nilizigeuza."

Nami nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, simu sikioni. Nilisema pole. Akasema ahsante, mwalimu.

Kurekebisha kulikuwa rahisi mno, na hilo lenyewe lilinitia hasira: mstari mmoja wa programu yake ulifutwa, fundi akapewa saa mpya, gati likaanza kufunguliwa alfajiri. Nilizunguka nyumbani nikigombana na R, nikigombana na Python, nikimlaani msimamizi aliyelinganisha namba bila kuuliza ni saa za nani. Kugombana na visivyo na masikio ni kazi nyepesi. Miaka yote ya ualimu niliwaambia wanafunzi kuuliza si ujinga, nikaandika hata ubaoni, kwa hati nzuri. Lakini sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyetoka kwangu akiwa amezoea kuniuliza.

Korosho zilipokwisha nilipanda Newala kwenda kumwona mgonjwa. Nilibeba sukari na sabuni, na njia nzima nilipanga namna ya kumweleza mambo ya lugha mbili za kompyuta mtu ambaye hana haja na kompyuta. Nilimkuta nyumbani kwake, ameketi kitandani, mto chini ya mguu, mkongojo umeegemezwa ukutani. Amenizidi umri, nikamwamkia. Nikamweleza yote: saa, namba, neno lililopotea njiani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mwanangu nimemlea mwenyewe," akasema. "Nilimwambia mkubwa hasahihishwi. Akikosea, wewe tengeneza, unyamaze. Sasa mwalimu, kosa hili unataka kumpa nani?"

Nilimwambia sijui. Sijui mpaka leo. Ningefarijika kama angenikasirikia, lakini aliniuliza habari za mvua za Masasi, akaniuliza kama watu wa Lulindi, upande wetu, wamepata korosho za kutosha. Kisha akasema siku hizi akiwa kitandani alfajiri anasikia ndoo zikigongana gatini, na kwa sauti tu anajua nani amewahi na nani amechelewa. Daktari amemwambia hatabeba ndoo tena. Alilisema hilo mwishoni, kama jambo dogo.

Tangu simu ile sikuwa nimeonana na binti yake. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumwambia yeye pia. Nilitaka kumwomba aanze kunisahihisha, anipigie simu akiona jambo, anitolee ukali ikibidi, aniambie mzee, hapa umekosea. Niliyakariri njiani kama mtoto anayetumwa dukani.

Aliingia na ndoo ya maji, akaimimina kwenye pipa la pembeni, akafuta mikono kwenye kanga. Akaja mbele yangu, akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

Mama yake alikuwa akitutazama. Nilitafuta yale maneno, sikuyaona hata moja.

"Marahaba," nikasema.