Jua Lililozama Mashariki

Shemeji yangu Melkior, mume wa dada yangu Eufrazia, alipiga kengele ya kanisa letu la Makanyagio, hapa Mpanda, miaka kumi na tisa bila saa. Kengele yenyewe rimu ya lori. Saa yake ilikuwa jogoo: akiwika, Melkior anatoka mlangoni, akiona jua anagonga. Hata siku ya mawingu hakukosea. Ni hicho tu alichokijua duniani, maana kulima kulimshinda na nyumba yake ilivuja.

Mwaka sabini na nne akapelekwa Tabora kupasuliwa ngiri. Kurudi akapata lifti kwenye ndege ndogo inayoleta dawa. Waliondoka giza bado. Kwenye kapu alibeba jogoo mpya, maana wa zamani tulimla alipokuwa wodini. Alikuwa mtamu.

Rubani alikuwa Gelasius, mtu wa Dar es Salaam. Uwanja wetu hauna taa, mpaka jua litoke ndo unawaona mbuzi waliolala njiani. Akauliza, "Mzee, kwenu jua linatoka saa ngapi?"

"Jogoo akiwika."

"Kwa saa ya mkononi?"

"Hiyo kamuulize aliyekuuzia."

Mara dirisha likawa jekundu, jua likachomoza, jogoo akawika ndani ya kapu. Melkior akamgusa rubani begani. "Limetoka. Shuka, mwanangu."

Gelasius akashuka. Walivyoshuka, na jua likashuka. Likarudi kulekule mashariki lilikotoka, likazama. Chini giza tupu.

"Mzee, jogoo wako muongo."

"Wewe ndo umelirudisha jua. Panda tena ukalichukue."

Wakazunguka mpaka likatoka mara ya pili, jogoo akawika mara ya pili, wakatua. Rubani akashusha maboksi, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake Melkior akagonga mara mbili: ya kwanza kungali giza, kwa jua la kule angani, ya pili kwa jua letu la chini. Watu wakaja kanisani, wakakuta mlango umefungwa, wakarudi, wakaja tena. Siku ya tatu wazee wa parokia wakamwekea kikao. Mwenyekiti alikuwa Ponsian, ambaye hata baiskeli ilimwangusha.

"Melkior, sema tu jogoo alidanganya. Kengele inabaki yako."

"Hakudanganya. Jua lilitoka mara mbili."

"Ulikunywa?"

"Uji wa hospitali."

Eufrazia akapiga magoti. Mie nikamwambia, "Shemeji, huyo ni kuku. Msingizie, yaishe."

"Wewe ulishamla mwenzake. Nyamaza."

Wakamnyang'anya kengele, wakampa Manyanda, kwa vile ana saa na anaifuatisha redio. Redio ikisema saa kumi na mbili kamili, anagonga. Huko Dar es Salaam jua limeshatoka. Mpanda bado karibu nusu saa. Tukawa tunakwenda misa kwa kupapasa ukuta.

Jumapili ya pili nikatumbukia kwenye shimo la matofali la jirani yetu Theopista. Jino langu la mbele liko humo mpaka leo. Nikakaa natema damu mpaka kukapambazuka, ndo Melkior akapita, jogoo kwapani.

"Shemeji," akasema, "ungengoja kengele yangu ya pili, hilo shimo ungeliona."

Jogoo naye akawika. Sijawasamehe wote wawili.