Balozi Alipokuja Chula Kumposea Mwanawe

Bibi yangu alikataa katakata kuniozesha kwa simu. "Waje waniombe uso kwa uso," alisema kwa Kibajuni kutoka Chula, kisiwa chetu karibu na Kismayo, sauti ikikatikakatika. "Huyo kijana hana wachu wake?" Hana watu wake, yaani.

Alikuwa nao, na hapo ndipo palikuwa na shida. Mimi nilikuwa muuguzi katika mji mmoja wa Ujerumani. Vita vilitutoa Chula nikiwa bado nabebwa mgongoni. Utoto wangu ulipita kambini, kisha Mombasa, na ukubwani nikajikuta huko kwenye baridi. Mchumba wangu alikuwa daktari wa wodi yetu, aliyesilimu kabla hatujajuana. Baba yake alikuwa balozi mstaafu, mzee wa miaka themanini na kitu aliyefiwa na mkewe, wa ukoo wa mabwana wa zamani. Jina lao lina kineno kidogo katikati, alama ya ubwana huo, na nimeona Wajerumani wanaokisikia wakijiweka sawa kwenye viti.

Ilikuwa familia ya watu waungwana lakini wakavu. Mchumba wangu alikulia katika balozi za nchi tano, na kila usiku kabla ya kulala alipeana mkono na baba yake kama wageni wawili. Alijua baba amezaliwa "upande wa mashariki". Zaidi ya hapo hakuwahi kuambiwa, na kwao mtu hakuulizwa mambo yake.

Kwa hiyo niliogopa kumweleza mzee sharti la bibi. Nilitaraji anijibu kwa upole kwamba umri haumruhusu. Akaweka kikombe chini.

"Bibi yako ana haki," alisema. "Nifundishe. Nikiingia, nani anasalimiwa kwanza?"

Ami yangu, mfanyabiashara wa Kismayo ambaye ndiye walii wangu tangu baba afariki, alitupokea uwanja wa ndege na walinzi wake. Asubuhi iliyofuata tukapanda boti ya mashine. Mzee alivaa suti na tai, na hakuna aliyeweza kumvua. Chula maji yalikuwa yamekupwa, boti haikufika ufukweni. Alivua viatu, akakunja suruali ya suti mpaka magotini, akashuka majini huku ameshika viatu juu ya kichwa. Wanawake waliokuwa wakipara samaki walicheka wazi. Yeye akasimama hapo hapo kwenye maji akawainamia kwa heshima, kama alivyoinamia marais. Wakacheka zaidi, kisha mmoja akaja kumshika mkono.

Bibi alikuwa amerudi Chula miaka mingi kabla ya mtu mwingine yeyote katika ukoo wetu. Aliikuta nyumba yake kuta tupu, akaiezeka upya makuti kwa pesa za kuuza samaki wakavu. Humo ndimo alimokaa siku hiyo, ameketi wima kwenye mkeka mpya, akimsubiri mwenzake.

Tatizo likawa lugha. Bibi alijua Kibajuni na Kisomali. Mzee alijua lugha nne, lakini hizo mbili hazikuwamo. Mwanamke anayeposwa hakai kikaoni, lakini mkalimani mwingine hakuwepo. Bibi akafikiri, akaamuru pazia lifungwe mlangoni, nikae nyuma yake. Basi nikawa najiposea mwenyewe, sauti tu, sionekani.

Walianza kwa nasaba. Bibi alitaja baba zake mpaka akachoka, mzee naye akataja wake. Hakuna aliyetaka kushindwa. Ami alikohoa kuficha kicheko.

"Nimesikia mlikuwa wachu wakubwa," bibi alisema. "Hiyo nyumba yenu iko wapi?"

Mzee alianza kukunjua suruali yake. Nilidhani sijatafsiri vizuri, nikarudia.

"Ilikuwa kando ya ziwa," alisema. "Sasa ni nchi nyingine. Tuliondoka usiku mmoja wa vita vikuu na gari la farasi, mimi mtoto mdogo, jeshi likija nyuma yetu. Theluji ilifika kwenye ekseli za magurudumu. Mama alimbeba mdogo wangu wa kike, mchanga. Hatukufika naye."

Nikatafsiri. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona mchumba wangu amemgeukia baba yake. Hakuwa amewahi kusikia kwamba alikuwa na shangazi.

Bibi hakusema pole kwanza. Alisema, "Mwanangu mdogo nilimzika Ras Kamboni, tukikimbilia mpaka wa Kenya. Alikuwa wa kiume." Ndipo akasema, "Pole, mkwe wangu." Nikafungua kinywa kutafsiri. Mzee hakuningoja. Alikuwa ameshaelewa.

"Ulirudi kuiangalia?" bibi aliuliza.

"Mara moja, nikiwa balozi. Wanaishi watu wengine. Mama mwenye nyumba alinipa supu. Sikumwambia mimi ni nani."

"Kwa nini?"

"Watoto wake walikuwa wakicheza uani. Wamezaliwa pale."

Bibi alitikisa kichwa taratibu. Kisha akauliza alichokusudia kuuliza tangu mwanzo. "Mjukuu wangu akiugua huko kwenu, mwanao yuko kazini, nani atakaa naye?"

Sikuwa nimemaliza sentensi alipojibu. "Mimi."

"Wewe mzee."

"Wazee ndio wana nafasi ya kukaa."

Bibi akapiga makofi kuita jikoni, mkate wa mofa na samaki wa kupaka viletwe. Hivyo nilijua nimeposwa na nimekubaliwa. Ndoa ilifungwa kesho yake baada ya adhuhuri katika msikiti wa Chula, ami akiwa walii, na mzee akakaa kwenye baraza ya nje na wazee wa kisiwa, tai imelegea kwa mara ya kwanza.

Boti ikiturudisha Kismayo, mume wangu alimuuliza baba yake yule shangazi mchanga aliitwaje. Mzee akamwambia. Waliongea njia nzima, vichwa vimekaribiana kwa sababu ya kelele za mashine, na mimi nikageuza uso upande wa pili niwaachie nafasi.

Binti yetu wa kwanza amepewa jina la bibi na jina la yule mtoto, yote mawili. Kila Ijumaa baba mkwe huja kwetu, na baada ya chakula tunampigia bibi. Wanabishana kuhusu chumvi, kuhusu mtoto avalishwe nini, na kila mmoja hulalamika kwamba mimi natafsiri kwa upole mno.

Ijumaa iliyopita bibi alikuwa na habari. Anajenga chumba cha pili.

"Mwambie mkwe wangu," alisema, "dirisha nimeliweka upande wa pepo za bahari. Aje akae siku nyingi, safari hii asikimbilie Kismayo."

Baba mkwe alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho. Kisha akauliza kama chumba kinatosha vitanda viwili, maana anataka kuja na mjukuu wake.