Swichi Kando ya Kitanda

Karakanani walimwita Koili, maana hakuna aliyemfikia kwa kusuka upya koili zilizoungua, ile mizunguko ya waya iliyo ndani ya mota. Alikuwa na miaka thelathini na tisa baba yake alipopatwa na kiharusi. Kaka zake wawili walikaa kikao, wakaona inafaa yeye, asiye na mume wala mtoto, arudi nyumbani kumwangalia mzee. Kwa muda tu, walisema. Muda huo sasa ulikuwa na miaka miwili na afya njema.

Mzee alikuwa mtu wa swichi stesheni tangu ujana. Ndiye aliyehamisha reli ili kila treni ishike njia yake. Alipostaafu alijenga reli ya kuchezea juu ya meza kubwa sebuleni, yenye njia panda sita na mabehewa ya bati. Kitanda chake nacho kilihamishiwa sebuleni, lakini upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na mezani hafiki.

"Mama, hamisha ya tatu," alimwita binti yake.

Koili aliacha sufuria, akaja kusukuma reli kwa kidole. Kabla hajafika jikoni: "Mama, irudishe."

Ndipo akaamua kumtengenezea ubao wa swichi, autumie kwa mkono wa kushoto akiwa kitandani. Sababu ya pili hakumwambia mtu: mzee akijitegemea, yeye angerudi karakanani hata nusu siku.

Alikata plaiwudi ya kutosha mapajani, akachora ramani ya reli kwa rangi nyeupe. Penye kila njia panda aliweka vitufe viwili, kimoja cha kunyoosha njia na kingine cha kuikunja, pamoja na taa ndogo ya kuonyesha treni itaelekea wapi. Nyuma zilipita nyaya, kila mmoja na kikaratasi cha namba, hadi kwenye koili ndogo za kuvuta reli alizofunga chini ya kila njia panda. Mzee alimtazama akilehemu.

"Tisa umeiruka," alisema siku moja, na kweli alikuwa ameiruka.

Jaribio la kwanza liliharibika. Mkono wa mzee uling'ang'ania kitufe, na koili chini ya reli ikafuka moshi. Mzee akaficha mkono chini ya shuka. Koili akaisuka upya, kisha akaunganisha kapasita kubwa, inayojaza umeme na kuutoa kwa mkupuo mmoja, basi. Sasa mzee angeweza kukilalia kitufe na kisiungue kitu.

Alasiri hiyo aliendesha treni bila kumwita mtu. Koili alikaa jikoni, hajui mikono aiweke wapi. Akaomba kurudi kazini, na msimamizi wa karakana akamwambia aanze Jumatatu, asubuhi tu. Jirani angekuwa anachungulia.

Jumatatu, Koili keshavaa, ubao ukazima. Waya namba nne umechomoka. Akaomba aanze Alhamisi. Alhamisi ikawa namba saba. Safari hii aliutazama vizuri.

"Baba, huu umevutwa."

Mzee alitazama dirishani. "Umenipa treni," alisema mwishowe, kwa ulimi wake mzito. "Zinakwenda. Lakini haziongei."

"Natoka narudi, Baba. Ni kwa muda wa saa nne tu."

"Mama yako naye alisema anatoka anarudi."

Mama yake alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akarudishwa ndani ya jeneza. Koili aliurudishia waya mahali pake.

Alimpigia kaka mkubwa amtafute mtu wa kukaa na mzee. "Lakini dada, wewe ndiye unayemjua," kaka alisema, kwa upole wa kweli, na upole huo ndio uliomuudhi zaidi. Msimamizi alisubiri wiki tatu, kisha nafasi akapewa mwingine. Ila kwa ubinadamu wake akaanza kumpelekea Koili mota mbovu nyumbani.

Kwa hiyo anafanya kazi sebuleni, hatua tatu kutoka kitandani. Mzee havuti tena waya. Humsimulia ajali alizoziepusha stesheni, na baadhi ni hadithi nzuri, Koili hucheka.

Alasiri moja jirani alimfukuza: "Nenda ukanyooshe miguu, mimi nipo."

Alitembea mpaka barabara kuu, akasimama akitazama watu wakipita na mizigo yao. Alikuwa na saa nzima. Dakika kumi hazijaisha akajikuta anawaza kama mzee amegeuzwa ubavu. Akarudi kwa mwendo wa haraka, na hasira ikamwandama njia nzima, isijue imrukie nani.