Anayetaka Kusema Anyooshe Mkono

Wifi yangu ndiye mwalimu wa watoto kanisani, na gundi haimtoki vidoleni. Meza ya kulia imejaa kondoo wa karatasi. Sisi tunakula tumepakata sahani. Mchungaji akipiga simu, hata kama ndiyo kwanza amejilaza, anaruka: "Wala sijachoka, baba mchungaji!" Uongo mtupu! Sauti imemkauka kwa kuimbisha watoto wa watu, na sare za wanawe zinachacha kwenye beseni. Kaka yangu akimsihi apumzike, anacheka: "Nitapumzika mbinguni." Mimi nasaga meno.

Darasani amewakataza wanawe kumwita mama, wasije wakaonekana wanapendelewa. Jana mchana, hapa nyumbani, kitinda mimba wake alikuwa na homa, amelala mkekani miguuni pake, yeye anakata mabawa ya malaika kwa mkasi. Mtoto akanyoosha mkono. Ukakaa juu mpaka akaushikilia kwa mkono wa pili.

"Subiri zamu yako," wifi akasema bila kuinua macho.

Mtoto akasubiri, kisha akanong'ona: "Mwalimu, naomba maji."

Nikampokonya ule mkasi.

"Malaika wana mabawa tayari, wifi. Mpe mwanao maji!"